Asali ya Nyuki Wadogo na Sukari Zenye Uzito Mmoja

Leo nazungumzia asali, tena asali ya aina moja tu: ile ya nyuki wadogo, nyuki wasiouma. Hoja yangu naitoa mapema ili usinisubiri hadi dakika ya mwisho. Asali hii inahukumiwa kwa kiwango ambacho hakikutungwa kwa ajili yake. Mfugaji mwaminifu anaweza kupeleka maabara chupa aliyoirina kwa mkono wake mwenyewe, isiyo na tone la maji ya kuongeza wala chembe ya sukari ya dukani, na karatasi ikarudi inasema hii haifai kuitwa asali. Sehemu kubwa ya mkanganyiko huo inatokana na sukari mbili zenye uzito mmoja, ambazo vipimo vilivyozoeleka vilikuwa vinazichanganya.

Nazungumza nikiwa na Ihanja akilini, kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika ukanda wa kati ambako mvua ni ya msimu mmoja kwa mwaka. Mashambani utakuta alizeti, mtama, uwele na mahindi. Nje ya mashamba kuna migunga na vichaka vinavyochanua kwa zamu, mti huu ukimaliza mwingine unaanza. Singida ina jina katika asali tangu zamani. Upande wa Manyoni kuna vichaka vizito vya Itigi, ambavyo wataalamu wa mimea wanavifahamu duniani kote, na kuna Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi. Asali nyingi ya mkoa huu ni ya nyuki wakubwa, wale wanaouma, wanaofugwa kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na siku hizi kwenye mizinga ya kisasa ya masanduku. Nyuki wadogo hutoa asali kidogo, lakini lita yake inauzwa ghali zaidi, na wengi wanaoitafuta wanaitafuta kama dawa.

Mtazame nyuki huyu kwa karibu. Wengi wao hawamfikii hata inzi wa nyumbani kwa ukubwa. Anapenda tundu: shimo la mti mkavu, ufa wa ukuta wa tembe, au kipande cha gogo ambacho mfugaji amekitoboa na kukining'iniza chini ya upenu. Mlangoni hujenga kibomba chembamba cha nta, na walinzi wawili watatu hukaa pale mdomoni wakichungulia. Ukifungua gogo hukuti masega yenye vyumba vya pembe sita. Unakuta vyungu vidogo vya mviringo vilivyofinyangwa kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, vimebanana upande mmoja, vingine vimejaa asali na vingine chavua. Mrinaji mwangalifu hutoboa chungu kimoja kimoja na kuvuta asali kwa bomba la sindano, asije akaviponda akachanganya asali na chavua. Asali yenyewe ni nyepesi na hutiririka upesi. Ulimini unaanza utamu, kisha uchachu unafuata. Ukiimimina pembeni ya asali ya nyuki wakubwa, mtu asiyeijua ataapa kwamba imetiwa maji.

Lawama zinaanzia hapo. Mnunuzi sokoni ana vipimo vyake. Atachovya kichwa cha njiti ya kiberiti kwenye asali, kisha aiwashe. Ikiwaka, anasema asali ni halisi. Atadondosha tone kwenye bilauri ya maji aone kama linazama bila kusambaa. Atalimwaga kwenye mchanga aone kama linajiviringisha. Vipimo hivyo tumerithishana, na sina nia ya kuwabeza wanaovitumia, kwa sababu mtu aliyekwisha kuuziwa asali ya bandia lazima atafute namna ya kujilinda. Ila vyote vinapima jambo moja, nalo ni wingi wa maji. Sharubati nzito ya sukari iliyochemshwa ikakolea itafaulu njiti, itafaulu bilauri, itafaulu mchanga. Asali halali ya nyuki wadogo, ambayo kwa asili ina maji mengi, itashindwa yote. Hata kile kifaa kidogo cha kutazamia kwa jicho, kinachotumiwa na vikundi vingi vya wafugaji kupima unyevu wa asali, kinafanya kazi kwa kuangalia jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye asali. Ni kifaa kizuri cha kujua kama asali imeiva. Hakikuambii ni sukari gani iliyomo.

Na sukari ziko nyingi. Tuanze na mbili zinazotawala asali ya nyuki wakubwa, glukosi na fruktosi. Kila molekuli ya glukosi ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Fruktosi nayo ina 6, 12 na 6. Ukizijumlisha, uzito wa molekuli ni 180 kwa hii na 180 kwa ile. Galaktosi, iliyo sehemu ya sukari ya maziwa, nayo ni 180. Zikiungana mbili mbili, molekuli moja ya maji yenye uzito wa 18 inatoka, na kinachobaki kina uzito wa 342. Sukari ya mezani, ambayo wakemia huiita sukrosi, ni glukosi na fruktosi zilizoungana: 342. Maltosi, inayojitokeza kwenye kimea cha mtama tunachopikia togwa na pombe, ni glukosi mbili: 342. Laktosi ya maziwa: 342. Na ipo nyingine, trehalulosi, ambayo ni glukosi na fruktosi kama ilivyo sukari ya mezani, isipokuwa zimeshikana mahali pengine. Hiyo nayo ni 342. Jina hilo, trehalulosi, naomba ulishike, maana tutarudi kwake.

Kwamba sukari zinaweza kuwa na atomu zilezile kwa idadi ileile na bado zikatofautiana kwa mpangilio, hilo lilichambuliwa kwa kina na Mjerumani Emil Fischer katika miaka ya 1880 na 1890, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Tofauti hiyo ya mpangilio ina uzito mkubwa mwilini. Vimeng'enya vya tumbo vinaikata maltosi upesi, vinasuasua kwa trehalulosi, na mtu mzima ambaye mwili wake umeacha kutengeneza kimeng'enya cha laktosi anavurugikiwa na tumbo kwa kikombe cha maziwa. Mwili unazitambua sukari hizi bila kukosea. Shida ni sisi tuzitambue kwa mashine.

Mashine yenyewe inaitwa spektrometa ya masi. Kazi yake ni kupima uzito wa molekuli mojamoja, na kanuni yake ni rahisi kueleza: ipe molekuli chaji ya umeme, irushe kwenye ombwe lisilo na hewa, kisha angalia nguvu za umeme au sumaku zinavyoiendesha, kwa kuwa nyepesi na nzito haziendi sawa. Mwingereza Francis Aston aliijenga ya aina yake Cambridge mwaka 1919, akaitumia kuonyesha kwamba atomu za elementi moja zinaweza kuwa na uzito tofauti, na mwaka 1922 akapata Nobeli. Lakini sukari ilibaki ngumu kuipima kwa njia hizo za mwanzo. Ukiipasha moto ili iwe mvuke, inaungua na kuwa masizi kabla haijaruka. Mlango mpana ulifunguliwa na Mmarekani John Fenn katika miaka ya 1980, aliyeonyesha namna ya kurusha molekuli kubwa na laini kutoka kwenye maji kwa kunyunyiza kupitia sindano yenye umeme mwingi. Yeye Nobeli ilimfikia mwaka 2002.

Sasa chukua tone la asali ya nyuki wadogo. Linazimuliwa kwa maji mengi, kisha linasukumwa kwenye mrija mwembamba uliojazwa punje laini mno. Sukari zinapita humo kila moja kwa mwendo wake, na zinatoka upande wa pili kwa nyakati tofauti, ingawa zile zinazofanana sana hutoka zimeshikana. Zikitoka zinanyunyizwa kwenye sindano yenye umeme. Vitone vinakauka hewani, na molekuli ya sukari inabaki imebeba ioni moja ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi ya kula, yenye uzito wa 23. Kwa hiyo glukosi na fruktosi zinasomeka 203. Sukrosi, maltosi, laktosi na trehalulosi zinasomeka 365, zote. Ukiishia hapo umetumia mashine ya fedha nyingi kujua kwamba una sukari mbili zilizoungana, bila kujua ni zipi.

Kinachofuata ndicho kiini cha kazi nzima. Fikiria nyumba mbili zilizojengwa kwa miti 24 ileile, urefu uleule, ila fundi wa kwanza amefunga nguzo pembeni na wa pili amezifunga katikati. Ukizipima kwa uzito ni sawa. Zisukume zote mbili kwa nguvu moja, kila moja itavunjikia pale ilipo dhaifu, na ukiokota vipande vilivyoanguka utajua ipi ilifungwaje. Wakemia wanafanya hivyo hivyo. Wanachagua molekuli za 365 peke yake, wanazigongesha na gesi kama agoni au naitrojeni, kisha wanapima vipande. Maltosi ina glukosi mbili zilizoungana kwenye kaboni ya nne. Isomaltosi ina glukosi mbili vilevile, ila zimeungana kwenye kaboni ya sita. Isomaltosi ikigongwa inaangusha vipande vya uzito wa 60, 90 na 120. Maltosi nayo inaangusha cha 60, lakini kile cha 90 hukioni, au unakiona kwa shida. Kipande kimoja kimekosekana, na fumbo la muungano limefumbuliwa. Mbinu za karibuni zinaongeza hatua nyingine: ioni zinapitishwa kwenye gesi, na yenye umbo lililokunjamana inawahi kufika kabla ya iliyotanuka, ijapokuwa uzito ni mmoja.

Turudi kwa trehalulosi. Kwa miaka mingi waliopima asali ya nyuki wasiouma, katika nchi mbalimbali, walikuta sukari ya mbili mbili kwa wingi usio wa kawaida. Kwenye chati za vipimo vyao ilitokea mahali pa maltosi, wakaandika maltosi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiwa na wenzao, wakachapisha matokeo yaliyobadili picha. Walichukua asali ya spishi tano za nyuki wasiouma kutoka Australia, Malaysia na Brazili, wakaitenganisha kwa uangalifu zaidi, wakaipitisha kwenye spektrometa ya masi na kuthibitisha mpangilio wake kwa kipimo kingine cha sumaku. Waliyoikuta ni trehalulosi. Na haikuwa chembe: ilikuwa kati ya gramu 13 na 44 katika kila gramu 100 za asali. Chakula kilichokuwa kikiuzwa na kuliwa kwa vizazi kilikuwa na sukari kuu ambayo vitabu viliiita kwa jina la sukari nyingine.

Katika spishi zile tano hakuna hata moja ya Afrika. Hapo naomba tutulie kidogo, maana hapo ndipo Ihanja inapoingia. Tanzania ina nyuki wasiouma wa spishi kadhaa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwisha kuchapisha vipimo vya asali yao, kuanzia unyevu na uchachu hadi sukari. Kazi hiyo ni msingi mzuri na inastahili kuendelezwa hadi kwenye vijiji vya ukanda wa kati, spishi kwa spishi, msimu kwa msimu, kwa mashine inayoweza kusema hii ni maltosi na hii ni trehalulosi bila kubahatisha.

Kwa nini nasisitiza? Tazama hesabu. Kiwango cha kimataifa cha asali, kile cha Codex cha mwaka 1981 kilichorekebishwa mara ya mwisho kwa kiasi kikubwa mwaka 2001, kinataka maji yasizidi asilimia 20, na glukosi na fruktosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 kwa kila gramu 100. Kilitungwa kwa kuangalia asali ya nyuki wakubwa, na kwa asali hiyo ni kiwango chema. Sasa chukua asali ya nyuki wadogo yenye maji asilimia 28, jambo la kawaida kabisa kwao, na trehalulosi gramu 30. Ondoa hizo kwenye 100, zinabaki 42. Hata kama zote 42 zingekuwa glukosi na fruktosi tupu, 60 haifikiwi. Asali imeshindwa kabla mfugaji hajafanya kosa lolote. Imeshindwa kwa sababu nyuki wake ni nyuki mwingine. Wamalaysia waliliona hilo wakaandika kiwango cha pekee cha asali ya nyuki wasiouma mwaka 2017. Naamini nasi tunapaswa kuwa na chetu, na kiwe kimeandikwa kutokana na asali ya huku, kwa sababu kuiga namba za Malaysia ni kurudia kosa lilelile la kupima nyuki mmoja kwa kipimo cha mwingine.

Ila msikilizaji, nisikufanye uamini kwamba trehalulosi ikionekana basi mambo yamekwisha, asali ni halisi, tufungue pochi. Watafiti walewale wa Queensland walifanya jaribio la kuwalisha nyuki. Waliowapa maji ya sukari ya mezani, nyuki hao waliigeuza sukari hiyo kuwa trehalulosi. Waliowapa mchanganyiko wa glukosi na fruktosi zilizokwisha kutengana, trehalulosi haikutengenezwa. Maana yake ni kwamba nyuki anachukua sukrosi ya mbochi ya maua, anaukata ule muungano na kuufunga upya mahali pengine. Ni kazi ya ajabu kufanywa na mdudu wa ukubwa ule. Na maana yake ya pili, isiyopendeza, ni kwamba mfugaji mjanja anaweza kuweka sahani ya maji ya sukari karibu na gogo, na asali itakayotoka itakuwa na trehalulosi yake sawasawa. Trehalulosi inashuhudia kwamba sukari imepita kwa mdudu. Haishuhudii kwamba imetoka kwenye ua. Hata inzi weupe, wale wanaonyonya majani ya mihogo na pamba na kuyaacha yanata, hutoa trehalulosi kwenye ule utelezi wao.

Ushahidi wa ua unatafutwa kwenye kaboni, na hapa spektrometa ya masi inarudi kwa sura nyingine. Katika kila atomu 100 za kaboni, kama moja hivi ni nzito kidogo kuliko nyingine: uzito wa 13 badala ya 12. Mimea haizichukui kwa kiasi kilekile. Miwa, mahindi, mtama na uwele vina njia yao ya kunasa hewa ya ukaa, na hujikuta na kaboni nzito nyingi zaidi. Karibu miti yote, pamoja na alizeti, mihogo, maharage na mpunga, vina njia nyingine na hubaki na kidogo. Asali inachomwa ikageuka hewa ya ukaa, na mashine inalinganisha molekuli za uzito wa 44 na za 45. Wamarekani Landis Doner na Jonathan White walichapisha msingi wa kipimo hiki kwa asali mwaka 1977. Sukari ya madukani kwetu, ya Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC ya Moshi, yote ni ya miwa. Ikitiwa kwenye asali ya migunga inaacha alama ya kaboni isiyofichika kwa urahisi, iwe imepita kwa nyuki au imekorogwa moja kwa moja kwenye ndoo.

Tena alama hiyo ya kaboni ndiyo kinga kuu dhidi ya ule uchakachuaji wa jikoni unaojulikana na wengi, wa kuchemsha sukari kwa maji ya limao. Asidi ya limao na moto vinaikata sukrosi ikawa glukosi na fruktosi. Hizo ni glukosi na fruktosi zilezile za asali, atomu kwa atomu. Uzigonge, uzivunje, upime vipande, hutaona tofauti, kwa sababu tofauti haipo. Kitakachomfichua mchakachuaji ni asili ya kaboni, pamoja na kemikali inayozaliwa sukari ikipikwa na asidi, ambayo asali mbichi huwa nayo kidogo sana.

Kipimo hicho cha kaboni nacho kina mipaka yake, na mipaka hiyo inatugusa sisi wa Singida. Sharubati ya mchele au ya wanga wa mihogo ina kaboni ya kundi moja na miti, kwa hiyo inapita. Kuikamata inabidi kutafuta mabaki ya wanga, minyororo mirefu ya glukosi ambayo haina kazi kwenye asali, na hapo tena ni kuvunja molekuli na kusoma vipande. Halafu kuna suala la chavua. Ili kujua alama ya kaboni iliyotarajiwa, wapimaji hulinganisha sukari za asali na protini iliyomo kwenye asali hiyohiyo, kwa kudhani kwamba protini imebeba alama ya mimea ya mahali pale. Protini hiyo inatoka mwilini mwa nyuki, na nyuki anajenga mwili wake kwa chavua. Mahindi na mtama vikichanua Ikungi, nyuki wanakusanya chavua huko. Inawezekana kabisa protini ikavutwa kuelekea upande wa kaboni nzito wakati sukari za asali zimebaki za miti, na hesabu ikampa mchakachuaji kichaka cha kujifichia. Mtu aliyeko maabara ya Ulaya hawezi kulijua hilo kwa kutazama chupa. Anaweza kulijua tu kama sisi tumepima na kuandika asali ya mashamba ya mtama ikoje.

Kwamba wanunuzi wa nje wameamka, hilo halina ubishi. Umoja wa Ulaya ulichukua sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje katika miaka ya 2021 na 2022, na matokeo yaliyotangazwa Machi 2023 yakaonyesha kwamba 147, sawa na asilimia 46, zilitiliwa shaka kuwa zimechanganywa na sukari nyingine. Miongoni mwa vipimo vilivyotumika ni hivi vya kaboni na vya minyororo ya wanga. Soko la namna hiyo linamtaka muuzaji aje na ushahidi wake mkononi. Asali ya nyuki wadogo ikienda huko bila kumbukumbu za kwao, itasomwa kwa macho ya asali nyingine, na maji yake na sukari yake ya ajabu vitaonekana kama hatia.

Neno kidogo kwa wagonjwa wa kisukari, kwa sababu najua habari za sukari inayomeng'enywa taratibu zikishasikika redioni zinakimbia haraka kuliko maelezo yake. Ni kweli trehalulosi inaingia kwenye damu polepole kuliko sukari ya mezani, na bakteria wa meno hawaipendi. Lakini chupa ya asali ya nyuki wadogo ina glukosi na fruktosi pia, na kiasi cha trehalulosi kinatofautiana mno, umesikia, kutoka 13 hadi 44. Usibadili dozi wala mlo wako kwa sababu ya mazungumzo haya; zungumza na daktari wako. Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote.

Nini kifanyike? Mashine hizi ni ghali na zinahitaji mtaalamu, umeme wa uhakika na gesi safi, kwa hiyo hakuna anayetarajia kuziona Ihanja. Lakini nchi ina Shirika la Viwango, ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yenye ofisi ya Kanda ya Kati hapo Dodoma, ina vyuo vikuu. Kinachokosekana kwenye mnyororo ni chupa zinazoaminika. Maabara haiwezi kuandika sifa za asali ya kweli kama haina asali ambayo ina hakika nayo. Chupa hizo zinaweza kutoka kwa wafugaji wa kata hii, na gharama yake ni umakini.

Mfugaji anachagua gogo ambalo hajalilisha sukari kabisa msimu huo, na jirani zake nao hawajalisha. Anavuta asali kwa bomba jipya la sindano kutoka kwenye vyungu vilivyofungwa tu, kwa kuwa vilivyo wazi havijaiva, na haikamui pamoja na chavua. Anaiweka kwenye chupa ndogo ya kioo iliyokauka vizuri, anaifunika, anaiweka mahali pa baridi na giza, maana asali hii ina maji ya kutosha kuchachuka njiani ikipigwa na jua la juu ya paa la basi. Anachukua nyuki wachache waliokufa mlangoni na kuwatia kwenye kichupa chenye spiriti, ili mtaalamu aitambue spishi bila kubahatisha. Kwenye karatasi anaandika kijiji, tarehe, miti iliyokuwa imechanua wiki hizo, na kama mashamba ya mtama au mahindi yalikuwa yanatoa chavua karibu. Afisa nyuki wa wilaya anaweka sahihi kwamba ameliona gogo. Chupa za namna hiyo zikikusanywa mara mbili kwa mwaka, wakati wa kurina baada ya mvua na tena mwishoni mwa kiangazi miti inapochanua kabla ya mvua mpya, kamati inayoandika kiwango itakuwa na namba za Ihanja za kufanyia kazi, na mkemia atakuwa na trehalulosi ya Ihanja ya kulinganisha na kila chupa itakayoletwa mbele yake ikishukiwa.